Kete Chache na Kiti cha Kinyozi

Jumatatu, 4 Machi

Tangazo limebandikwa mlangoni pa klabu yetu ya poka, mchezo wa karata na kete za dau. Viti havitoshi, waombaji wapya wamejaa. Kwa hiyo yeyote ambaye mwaka mzima hajafika meza ya mwisho, ile ya watu tisa, apambane Jumamosi na Jumapili hii. Akishindwa tena, apishe wengine. Nimepitia orodha ya wanachama mara mbili. Watu wa namna hiyo tuko wawili: mimi na Kinyozi.

Mwandiko ni wa shemeji, kaka wa mke wangu, mwenyekiti wa klabu. Angeandika jina langu tu akaokoa karatasi.

Mimi natengeneza meno bandia. Nakaa chumba cha nyuma cha kliniki. Daktari anapokea shukrani, mimi napokea vumbi. Wagonjwa wanatafuna kwa kazi ya mikono yangu, na wakinikuta koridoni wananiuliza choo kiko wapi. Klabuni nina kiti. Miaka kumi na mmoja. Nikiingia, mtu husema mpisheni Bwana Meno akae. Nikikikosa kiti hicho sijui nitakuwa nani. Mke wangu kasema nitakuwa baba wa watoto wangu siku za Jumamosi, kama wanaume wengine. Hajaelewa hata kidogo.

Jumatano, 6 Machi

Nimegundua kinachoniangusha. Si akili. Ni mdomo. Nikipata karata nzuri, mdomo wa juu unatetemeka, meza nzima inatupa karata zao kukwepa dau, naambulia kete mbili tatu. Nikipata mbaya, mdomo umetulia tuli, wananikamua. Ndiyo maana saa moja haiishi kabla sijabakiwa na kete za kuhesabia vidole.

Mama Muuguzi, mstaafu, anayetushinda wote, anasema tatizo si mdomo. Eti mwenye kete chache hana anasa ya kungoja. Akipata karata yenye afadhali asukume kete zote katikati, maadamu bado zinaweza kumtisha mtu. Ukingoja mpaka ubaki na tatu, hata ukishinda unapata sita, na sita hazimtishi mtu. Nimemshukuru. Wenye kete nyingi wana ushauri mwingi.

Kazini nimechonga kipande cha plastiki ya ufizi, ile ya waridi. Kinaingia kati ya mdomo wa juu na ufizi, kinaushikilia mdomo usicheze. Kazi safi kabisa. Daktari kauliza ni cha mgonjwa gani. Nimesema ni dharura.

Ijumaa, 8 Machi

Nimekijaribu wakati wa chakula cha mchana. Mke wangu kauliza nimenuna nini. Uso haukusema kitu. Mafanikio! Akaondoa sahani yangu, akampigia kaka yake simu.

Kasoro moja tu. Siwezi kukivumilia zaidi ya dakika moja, kisha kichefuchefu.

Jumamosi, 9 Machi

Siku chungu. Tulianza saa nane mchana. Kwa sababu ya kichefuchefu nilikuwa nakivaa kipande pale tu ninapopata karata nzuri, nyuma ya leso, kwa adabu. Wafalme wawili: leso, kipande, uso mkavu. Wote wakatupa karata zao. Malkia wawili: leso, kipande. Wote wakatupa. Mara saba hivyo. Mara ya mwisho shemeji hata hakuzitazama zake. Aliona leso, akatupa.

Wakati wa mapumziko Mama Muuguzi kaninong'oneza kwamba mdomo wangu ulikuwa unanong'ona tu, hii leso inapiga kelele. Wivu. Hajawahi kuona kazi safi kama ile.

Kilichonimaliza hasa ni dau la lazima. Zamu yako ikifika, unalitoa, ucheze usicheze, na kila kengele ikilia linapanda. Nimefunga siku na kete kumi na moja. Kinyozi kumi na mbili. Anatabasamu kila akishindwa, jambo linalonikera kuliko kushindwa kwangu.

Jumapili, 10 Machi

Dakika tano hazijapita, Kinyozi kapigiwa simu. Mkewe kashikwa na uchungu. Katoka mbio, kaacha koti kwenye kiti. Kanuni yetu ni kwamba kiti kitupu kinaendelea na mashindano: kinagawiwa karata, zinatupwa, dau lake la lazima linachukuliwa mpaka kete ziishe.

Nilifurahi. Naandika wazi. Mwenzangu anapata mtoto, na mimi nafurahi kwa sababu mtu asiyekuwepo hawezi kunishinda. Mpango ukajiunda wenyewe kichwani: nisicheze kabisa. Nilihitaji tu kudumu kuliko koti.

Basi nikatupa. Nikatupa hata kumi mbili, nikatupa hata ree na mfalme. Mama Muuguzi alinitazama kama mgonjwa anayeficha vidonge chini ya ulimi. Wengine walikuwa wanatoka mmoja mmoja, wanakwenda kunywa chai kwa amani, viti vyao havina shaka.

Saa kumi tumebaki kumi, meza mbili, watano watano. Mimi kete tatu. Koti, meza ya pili, kete nne. Akitoka mmoja tu, waliobaki ndio meza ya mwisho. Nikaenda kulichungulia. Nikarudi. Nikaenda tena. Mara ya tatu nilikuwa nimesimama nyuma ya koti, nazihesabu kete zake kwa kidole, wakati huku mezani kwangu wakigawa. Asiyekuwa kitini karata zikigawiwa, zake zinatupwa. Nimerudi mbio, zimeshatupwa. Shemeji ndiye aliyekuwa akigawa. Akazifunua, kwa bahati mbaya, alisema. Ree mbili. Hakuna mbili zinazozishinda. Nimezingoja tangu jana mchana, zikaja, mimi sipo.

Mgao uliofuata dau la lazima likazikomba zangu tatu. Nilishika saba na mbili, mbovu kuliko zote. Nimetoka wa kumi. Koti likasogezwa na kiti chake hadi meza ya mwisho, na watu wakalipigia makofi.

Nimelia chooni. Nilifungua bomba wasisikie.

Jumanne, 12 Machi

Mke wangu hajacheka. Ningependa angecheka. Amenipikia, akakaa karibu, akasema watoto wanataka nikawaone wakicheza mpira Jumamosi. Nimesema nitaona.

Jioni nimekwenda kwa Kinyozi. Kwa watu nilisema naenda kutoa hongera. Kweli yenyewe, nilikwenda kumwambia kwamba hakustahili. Nimemkuta macho mekundu, shati limegeuzwa nje ndani, mtoto wa kike begani. Kabla sijakaa akanieleza kwamba Jumamosi zake zimekwisha, pengine mwaka mzima. Amemwomba mwenyekiti nimkalie kiti chake. Shemeji alikataa. Mama Muuguzi akanidhamini. Shemeji akakubali kwa sharti moja: nisikose hata Jumamosi moja. Nikikosa, kiti kinakwenda kwa mwombaji wa kwanza, na nisirudi kuuliza.

Akanipa mtoto nimshike. Nilikuja na maneno makali, sikuyaona yalikokwenda. Nikasema asante, nikaishia hapo. Sikumbuki lini mara ya mwisho mtu alinifanyia wema bila mimi kuutafutia sababu.

Jumamosi, 16 Machi

Nimefikiri wiki nzima, na nashangaa wenzangu hawajaliona jambo hili. Kinyozi alikikalia kile kiti mwaka mzima. Patupu. Siku moja hakukikalia mtu, na kikafika meza ya mwisho. Mtu akikaa, kinashindwa. Asipokaa mtu, kinashinda. Mimi ni nani nikakiharibu?

Nimeingia klabuni saa saba na nusu, kabla ya watu. Nimetundika koti langu kitini, nikalinyoosha mabega, nikatoka. Kwenye ngazi nimepishana na Mama Muuguzi. Kauliza nakwenda wapi wakati wenzangu wanapanda. Nimesema naja. Kasema amesimama mbele ya mwenyekiti kwa ajili yangu, nisimwaibishe. Nimemwambia leo atajivunia.

Shemeji alisema nisikose. Sijakosa. Koti ni langu, ngazi ni za klabu. Naandika haya nikiwa ngazi ya nne kutoka juu, saa tisa kasorobo. Mke wangu na watoto wako uwanjani. Nitawaeleza tukishafika meza ya mwisho.

Nasikia vizuri sana kutoka hapa. Wameita Bwana Meno mara tatu. Kisha sauti ya shemeji, fupi. Sasa kiti kinaburuzwa sakafuni, na mtu nisiyemjua sauti anashukuru. Wanakihamishia meza kubwa, bila shaka, na bado ni mapema. Tunaongoza.