Steki ya Kumridhisha Stacy

Jumatatu, tarehe 8 Septemba 2025

Mama Stacy,

Leo nimenyang'anywa ugali. Na wali. Na chapati, mkate, mbatata, muhogo na mahamri. Nesi wa kliniki alivitaja kimoja kimoja bila huruma, kama anayesoma majina ya waliofeli. Vyote ni wanga, akasema, na wanga ukiingia mwilini mwangu unageuka sukari. Nikamuuliza kimebaki nini. Akasema nyama kidogo na mboga nyingi. Nikamuuliza hiyo nyama nitaisindikiza na nini. Akasema na hizo mboga. Huyo hajapata kuwa na njaa.

Kibaya zaidi, Musyoka alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Unamjua Musyoka, jirani yetu wa mlango wa pili, yule mstaafu wa reli aliyekuwa akiazima kinu chako na kukirudisha kinanuka kitunguu thomu. Sukari yake imeshuka. Nesi akampigia makofi. Makofi! Mzee mzima! Njia nzima ya kurudi nyumbani alikuwa akinieleza anavyokula kabichi.

Jioni Stacy akapiga simu kutoka Kitengela. Alishajua kila kitu. Sijui anaambiwa na nani. Akasema, Baba, tangu Mama atutoke wewe unaishi kwa chai na chapati, na mimi sitaki kuzika tena mwaka huu. Anakuja Jumamosi. Akiona siwezi kujipikia chakula cha mtu mwenye sukari, nafunga mizigo na kuondoka naye. Chumba amekwisha kukipaka rangi.

Sitaki kwenda Kitengela, Mama Stacy. Kule kuna baridi. Na leso yako bado imetundikwa nyuma ya mlango wa jikoni. Nikiondoka, atakayehamia hapa ataifanya tambara.

Kwa hiyo nikamwambia mtoto nisikilize, mimi napika. Akauliza napika nini. Nikakumbuka ile video aliyowahi kunitumia, ya jamaa aliyekaanga steki na mboga akamaliza kabla chai yangu haijapoa. Nikasema steki. Na mboga. Karibu kila siku.

Akasema vizuri sana, basi Jumamosi utanipikia hiyo hiyo, na mimi nimekaa jikoni nakutazama.

Jumanne, tarehe 9

Nimeamka na imani. Miaka yote bandarini Kilindini nimesimamia kushushwa kwa magari, mashine, hata ngamia. Kipande cha nyama kitanishinda?

Nikaenda Marikiti. Nikamwambia Katana, yule mwenye bucha uliyekuwa ukimgombeza kwa kukuwekea mifupa, nipe steki. Kabla sijafunga mdomo alishaikata vipande vya mchuzi. Nikasema nataka kizima, kipana kama kiganja. Akaniangalia kwa huruma. Akasema pole, Baba Stacy, mama mwenyewe alikuwa akichukua ya kukatwa, na isiyokatwa huliwaje, huning'inizwa? Wateja wakacheka. Nikachukua vipande vyangu nikaondoka na heshima iliyobaki.

Nyumbani nikatia mafuta, nikatia nyama yote pamoja, nikawasha jiko. Kwa mpangilio huo. Badala ya kukaangika ikaogelea. Maji yalitoka, sijui yalikuwa yamejificha wapi. Ikawa ya kijivu, kisha ngumu. Nikaanza kutafuna kipande cha kwanza adhana ya magharibi ikianza. Adhana ikaisha, watu wakasali, wakatoka msikitini, mimi bado.

Nikamtupia paka wa uchochoroni. Akanusa. Akaniangalia. Akaenda zake. Paka wa Mji wa Kale!

Musyoka akapiga hodi. Alidhani nyaya za umeme zinaungua.

Nimekula nyanya na chumvi.

Jumatano, tarehe 10

Mpango mpya, na ni mzuri. Kwa nini nihangaike na chini ya ngazi yuko Rispah? Mkono wake unaujua, si hizo chapati na maharagwe yake hapo mlangoni ndizo zimenibakiza hai? Sasa: Stacy akifika atataka kuoga vumbi la safari. Hapo Rispah anapandisha steki imefunikwa kawa, anashuka. Stacy akitoka bafuni ananikuta nimesimama mbele ya jiko, mwiko mkononi, nimejirashia maji usoni kama jasho.

Nikamweleza. Akageuza chapati moja, akageuza ya pili. Akasema, Baba Stacy, mimi na wewe hatujakosana, kwa hiyo nitakwambia ukweli. Ni yeye anayempigia Stacy simu. Kila jioni! Hakuna chapati niliyokula tangu matanga ambayo Stacy haijui. Ati siku ile ya mazishi Stacy alimshika mkono akamwambia niangalizie mzee.

Nikamwambia Rispah, yaani mkono huu waniuzia na mkono huu wanishtaki! Akasema kuuza ni kazi yake, kusema ni ujirani wake. Akaongeza kwamba kuanzia leo haniuzii tena. Nikaomba moja ya mwisho, ya kuagana. Akafunika bakuli.

Nikatoka kwa hasira hadi kwa muuza mihogo ya kukaanga. Hapo nikafikiri kwa utulivu. Muhogo unachimbwa ardhini. Karoti pia. Karoti ni mboga. Basi! Kipande nilishakishika, kimepakwa pilipili na ndimu, nikainua macho. Ng'ambo ya barabara Musyoka alikuwa akinipungia mkono.

Nikakirudisha.

Alhamisi, tarehe 11

Njaa. Nimenunua mboga tupu, ili angalau nile kitu. Biringani, bamia, pilipili mboga, na mishiri, yale maharagwe mabichi ya kuliwa na maganda yake. Nilikuwa nakuona machoni unavyofanya bamia: unazifuta kwa kitambaa kwanza, moto mkali, mkono hauendi kukoroga koroga, ndimu mwisho kabisa. Nikafanya vivyo hivyo. Zikakubali! Hazikuteleza hata kidogo. Biringani nililiunguza upande mmoja tu.

Nikapakua sahani mbili. Ya pili nikaiweka upande wako wa meza, nikavuta kiti, ndipo nikakumbuka.

Nikampelekea Musyoka. Akala, akaosha sahani, na kwa kuwa sahani ya jirani hairudi tupu akairudisha na kabichi. Kabichi zima, bichi. Akasema hongera, umeanza kuwa mtu. Nikashukuru kwa meno ya mbele.

Wakati naosha vyombo ndipo nilipopata jibu la nyama. Papai! Papai bichi! Si ndilo ulilokuwa ukipaka mishkaki ya Krismasi, ikalainika hata mama yangu akala na hakuwa na jino? Ulikuwa ukinifukuza jikoni kila ukianza, ukisema nakuzibia mwanga, kwa hiyo kilichofuata sikukiona. Lakini papai nililiona.

Stacy amepiga. Ameuliza steki inaendeleaje. Nimesema najitahidi isinichoshe.

Ijumaa, tarehe 12

Nimerudi kwa Katana. Safari hii niliilalia nyama kwa mikono yote miwili kabla hajainua kisu. Akasema Baba Stacy, nitakukata vidole. Nikasema kata, lakini steki iache. Nimetoka na vipande vitatu, vipana, vizima, vyekundu. Watu walinipisha njia.

Nimepara papai bichi. Kisha la pili. Nimefikiri hivi: ikiwa papai kidogo hulainisha kidogo, papai jingi litalainisha sana. Nimepaka juu, nimepaka chini, nimechoma nyama kwa uma ili liingie ndani. Thomu, tangawizi, pilipili manga. Nimefunika, nimetia ndani ya friji asubuhi hii. Itakaa humo hadi kesho jioni.

Musyoka alikuja kuchungulia. Akauliza kama huo si muda mrefu. Nikamwambia mtu wa reli asinifundishe habari ya muda. Akanuna. Kisha akanieleza kwamba Stacy amempigia simu, kesho naye anakuja kula, awe shahidi.

Shahidi! Basi na aje. Ataaibika.

Jumamosi, tarehe 13

Nimempokea Stacy Mwembe Tayari. Anashuka basi kama wewe, anatanguliza begi kwanza kisha mguu. Amekonda. Alisema mimi ndiye niliyekonda.

Alikataa kuoga. Akavuta kigoda akakaa jikoni kati, mikono magotini. Musyoka akasimama mlangoni na shati la kanisani. Stacy akasema kabla ya yote nilete kidole. Amenunua kile kimashine cha kupimia. Akanichoma, akatazama. Akakitikisa. Akanichoma kidole kingine, akatazama tena.

Sukari imeshuka! Imeshuka chini ya ile ya Musyoka! Musyoka akaomba kuona mwenyewe, akavaa na miwani. Stacy akasema, ona, Baba, kumbe steki inakufanyia kazi.

Mama Stacy, wiki nzima sikumeza steki hata punje. Nilikula nyanya, bamia na kabichi, kwa sababu kila kitu kingine kilinikataa au nilikatazwa. Lakini maelezo mengi humchosha mtu aliyetoka safari. Nikainamisha kichwa kwa unyenyekevu.

Mboga zikaenda vizuri. Kisha nikawasha moto mkali kama wa kwenye video, kikaango kikafuka moshi. Nikafunua bakuli. Nikachoma steki kwa uma. Uma ukatoka peke yake. Nikajaribu kwa kijiko. Kijiko kikaingia kama kwenye uji.

Sikuwa na njia nyingine. Nikaimimina. Nyama, Mama Stacy, niliimimina! Ikatandaa kikaangoni, ikachemka vipovu.

Musyoka akasema, bokoboko.

Nikadaka hapo hapo. Nikasema ndiyo, bokoboko, ile nyama ya kupondwa na ngano, mmelitambua, ila hili halina ngano. Bokoboko la wagonjwa wa sukari. Nimelibuni mwenyewe.

Stacy akainuka, akatupa kisogo, akashika ukingo wa sinki. Mabega yakaanza kutikisika. Nikajua yamekwisha, naenda kuvaa sweta Kitengela. Nikaanza kueleza, Katana, paka, Rispah, sijui nilisema nini. Alipogeuka kumbe anacheka. Anacheka na machozi yanamtoka, kisha ikawa machozi peke yake.

Akasema jikoni kunanuka papai kama Krismasi. Akasema hajasikia harufu hiyo tangu Mama augue. Akasema, Baba, Mama alikuwa akipaka papai akienda kuoga, akitoka kuoga anaikaanga. Kidogo tu. Ungeniuliza. Nikamwambia nitakuulizaje na nilishasema napika kila siku? Akasema alijua siku ile ile kwamba naongopa. Hakuja kuonja steki. Alikuja kuona kama bado nina hamu ya kupika chochote, kwa sababu Rispah alimwambia nimeacha hata kuwasha jiko.

Nikatazama jiko. Lilikuwa limerukiwa na nyama hadi ukutani.

Akasema basi nibaki. Kimashine ananiachia, nijipime, nimtumie picha. Chumba kipo, siku nikitaka kwenda niende kwa hiari yangu. Nikasema sawa, mama. Nikafungua dirisha, nikasingizia moshi.

Tukala. Mboga zikaisha. Musyoka akarudia bokoboko mara mbili, akasema kwa meno yake hajapata kula nyama ya heshima hivi.

Jumapili, tarehe 14

Nimemsindikiza Stacy hadi Mwembe Tayari baada ya kanisa. Amenikumbatia mbele za watu. Akiwa na mguu mmoja ndani ya basi akasema Krismasi atashuka na mumewe na wakwe zake. Nikasikia mdomo wangu mwenyewe ukisema waje tu, nitawapikia samaki changu mzima wa kuchoma, maana samaki ndiye ninayemwelewa zaidi.

Sijapata kupara samaki maishani. Lakini ni ugumu gani? Nyama ilitaka kulainishwa. Samaki ni laini tayari, kwa hiyo huyu atataka kukazwa. Nimeanza kufikiria njia. Nadhani ni chumvi, na jua la kutosha juu ya paa.

Basi lilipoondoka nikasikia njaa. Nikatafakari kwamba sukari ikishuka, maana yake imeacha nafasi. Na huku Mwembe Tayari Rispah hana macho. Nikapata mama mmoja pembeni, chapati zake zimekunjwa vizuri, zinatoa mvuke. Nikala moja nimesimama, nyuma ya mizigo. Tamu! Nikaagiza ya pili. Akanifungia, akanitazama vizuri, akaniuliza kama mimi si Baba Stacy wa Mji wa Kale. Yeye ni dada yake Rispah. Alikuwa matangani kwetu.

Nikamwambia hiyo ya pili ni ya Musyoka.

Sasa Stacy anapiga. Nitasema nilikuwa naonja tu, au nitasema simu ilikuwa mbali. Nitaona. Wewe huko uliko, Mama Stacy, ukiwa na nafasi, unikumbuke.