Bilauri Zenye Nchi Tatu

Jumatatu, 3 Juni
Mkaguzi wa bidhaa kaingia dukani asubuhi. Kashika bilauri ya maua, kaigeuza kichwa chini miguu juu. Imetengenezwa nchi gani? Nikamwambia ng'ambo. Akasema ng'ambo si nchi. Tangu lini? Kila bilauri iwe na lebo ya nchi ilikotengenezwa kufikia Ijumaa, la sivyo anafunga rafu yote. Na Jumamosi shangazi yake mke wangu anakuja kuchukua bilauri mia mbili za harusi ya bintiye! Jasho limenitoka hadi kwenye soksi.

Jumanne, 4 Juni
Nimesoma katoni. Balaa! Kioo kimeyeyushwa na kupewa umbo nchi ya theluji. Maua yamechorwa nchi ya milima. Zimefungashwa nchi ambayo jina lake linanishinda kutamka. Bilauri moja, nchi tatu! Mke wangu kashauri nimuulize mkaguzi. Nijianike juani? Akili zangu ninazo.

Jumatano, 5 Juni
Mbinu: nitaje nchi zote tatu. Lebo imezidi urefu wa bilauri, imeizunguka mara mbili, maua hayaonekani. Jirani muuza sufuria kauliza kama sasa nauza dawa ya kikohozi. Nimempuuza. Baadaye kaja mama mmoja akataka ya watoto.

Alhamisi, 6 Juni
Mbinu bora: kila bilauri nchi moja, kwa zamu. Haki bin haki! Mke wangu katazama seti ya bilauri sita. "Hizi ni ndugu wa tumbo moja, mume wangu. Mbona umezigawia baba watatu?" Nimejaribu kubandua lebo. Gundi haitaki. Kidole cha shahada kimenatana na cha kati.

Ijumaa, 7 Juni
Mkaguzi kafika. Kaona lebo, kaona vidole, kaniambia pole. Kumbe inahesabiwa nchi kioo kilikopata umbo. Kuchorwa maua ni kuvaa nguo tu. Kufungashwa ni kupanda gari. Maelezo ya dakika mbili! Mke wangu alishamuuliza tangu Jumanne. Zile mia mbili za shangazi zilikuwa stoo, kila moja na lebo yake ndogo, safi. Za rafuni nimepewa wiki nzima nizirekebishe. Mke wangu kaniletea maji ya moto na sabuni, kanisugua vidole hadi vikaachana.

Jumamosi, 8 Juni
Shangazi kachukua bilauri zake, kamwaga sifa kwa mke wangu. Mimi kanisalimia.
Nimetafakari. Kosa si langu, ni la kioo. Kioo kina mambo mengi. Udongo je? Udongo ni udongo, popote uendapo! Nimeagiza katoni arobaini za vikombe vya udongo, mke wangu hajui. Wakala akaanza kunieleza vimetoka wapi. Nimemkata kauli papo hapo: asithubutu kuniambia!