Kompyuta ya Baba Mkwe Iko Chumbani

Leo nimedhalilika ukweni. Ukweni, jamani! Siyo sokoni, siyo kazini. Ukweni.

Na wakwe wenyewe bado hawajawa wakwe. Barua ya posa tulishapeleka, jibu halijatoka. Juzi Adela wangu akanipigia: "Baba anasema kabla hajajibu anataka akuone kwa macho. Njoo Jumamosi, na tafadhali usiongee sana." Basi asubuhi nikatoka Nyamiaga na shati jeupe lililopigwa pasi, nikapanda gari, nikamalizia na bodaboda, nikafika kwao Nyarubungo, Biharamulo, nina vumbi hadi kwenye kope. (Shati lilikuwa jeupe. Lilikuwa.)

Mapokezi yalikuwa mazuri, sina lawama. Shikamoo baba, marahaba mwanangu. Shikamoo shangazi, marahaba, karibu ukae. Mama mkwe sikumwona, wala sikutegemea kumwona, maana kwa familia yao mama haonani na mkwe kabla ya mahari kupokelewa. Nikajua amekaa jikoni na Adela mpaka niondoke. (Hapo ndipo akili yangu ilipoishia.)

Ikaletwa ndizi na maharage. Nikala kwa adabu, yaani nikabaki na njaa. Baada ya kunawa, Mzee akajiegemeza kwenye kiti.

"Adela anasema wewe ni mtaalamu wa kompyuta."

Ukweli ni kwamba nafanya kazi steshenari pale Ngara mjini. Natoa fotokopi. Nachapa barua za watu. Lakini ukitazamwa na baba wa mtu kwa jicho lile, ukweli unajificha wenyewe. Nikasema, "Ndiyo, baba. Nimesomea."

"Vizuri. Yangu inakwama. Ukiiwasha inaanza kidogo, halafu inaganda palepale. Na mimi ndiye mwalimu wa kwaya, nyimbo zote ziko humo."

"Hilo dogo sana, baba." (Nani aliniroga?) "Iko wapi?"

"Chumbani."

Nikalitazama pazia la mlango wa chumba. Shangazi akaacha kutafuna. Kwa wasiojua: kwetu Ngara na kwao Biharamulo, mkwe kuingia chumba wanacholala wakwe zake ni jambo lisilo na mjadala. Huingii. Hata nyumba ikiungua unaulizwa kwanza uliingia kufanya nini.

Nikaomba kompyuta iletwe sebuleni. Mzee akakataa. Soketi ni moja nyumba nzima, na imewekwa chumbani kwa sababu ndiko kwenye kufuli. Ekstensheni je? Imeazimwa kanisani. Halafu kompyuta yenyewe ni ya zamani, ile ya chogo, yenye kioo kinene, na Mzee anaamini ugonjwa wake ulianza siku ilipohamishwa kutoka upande mmoja wa meza kwenda upande wa pili. "Haisogei," akasema. Na mkwe mtarajiwa habishani.

Ikaamuliwa hivi: Mzee aingie chumbani, mimi nibaki sebuleni, nimwelekeze kupitia pazia. Nikavuta kiti karibu na mlango. Shangazi naye akauhamishia mkeka wake miguuni pangu. Hakusema kwa nini, na wala hakuna aliyeuliza.

"Baba, washa."

"Nimewasha."

"Unaona nini?"

"Naona kompyuta."

"Kwenye kioo chake, baba."

"Vumbi."

Mara ikaanza: tii! tii! tii! tii!

"Baba, hiyo sauti huwa inatoka kila siku?"

"Hiyo ndiyo afya yake. Ikinyamaza ndiyo nitaogopa."

Shangazi akaniinamia. "Kompyuta gani inalia kama kifaranga? Ipigeni kofi. Redio ya marehemu mume wangu ilikuwa inapona kwa kofi." Kabla sijasema kitu, chumbani nikasikia: pwa! Halafu: tii! tii! tii!

"Baba, kuna maandishi yoyote?"

"Yapo."

"Yanasemaje?"

"Yale yale ya siku zote."

"Yapi, baba?"

"Haya haya."

Jamani! Unamwambiaje mzee ambaye hajakupa mke, "Si uyasome?" Nikaomba kwa sauti ya kanisani, "Baba, naomba unisomee hata herufi mbili tatu." Akasema miwani yake haioni ilipo. Nikamwambia azime, achomoe waya, asubiri, achomeke tena. Akafanya. Tii! tii! tii! Nikauliza kama kuna flashi imesahaulika imechomekwa. Ikabidi nimweleze flashi ni nini. Nilipomaliza akasema, "Kitu kama hicho hakijawahi kuingia nyumba hii," kwa ukali, kama nimemtukana. Kila baada ya muda nasikia humo ndani kama mtu ananong'ona, na mara moja mtu akakohoa, nikasema moyoni ni kuku. (Kuku! Anakohoa!)

Hatimaye nikakumbuka kitu. Kompyuta za zamani hulia hivyo kama kuna kitufe kwenye kibodi kimebanwa. Haiendelei, inasubiri kitufe kiachiwe. Nikafurahi kweli.

"Baba, tazama kibodi. Ile yenye herufi. Kuna kitu juu yake?"

"Imefunikwa kitambaa."

"Kifunue, baba."

Mnong'ono humo ndani.

"Haiwezekani kwa sasa."

"Kwa nini haiwezekani, baba?"

"Haiwezekani."

Hapo ndipo uzi ulipokatika. Nimetoka Nyamiaga, nimekula vumbi, nimekaa na kifaranga cha umeme kinanililia masikioni, dawa naijua, na mtu ananiambia kufunua kitambaa haiwezekani! Nikainuka. Nikasema, "Baba, pisha!" (Ndiyo. Nilimwambia pisha. Baba wa mtu.) Shangazi akanidaka shati kwa nyuma, kifungo kikaruka, nikapenya pazia.

Mama mkwe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda.

Hakuwa jikoni. Hakuwahi kuwa jikoni. Walimficha chumbani ili asionane na mimi, wakampelekea chakula humo humo, na meza yenyewe ni ile ya kompyuta. Juu ya kibodi kuna kitambaa kizuri cha kufuma. Juu ya kitambaa, Biblia. Juu ya Biblia, vitabu vya nyimbo vya kwaya nzima, na miwani ya Mzee. Hapo ndipo vinapokaa vyote hivyo tangu kompyuta ihamishiwe upande huo wa meza, vikikandamiza vitufe. Na leo, juu ya vyote, sahani ya ndizi ya mama.

Tulitazamana. Mdomo wake umejaa ndizi, wangu uko wazi.

Akapiga ukelele ambao sijawahi kuusikia, akatafuta kitu cha kujifunika uso, akakwapua kilichokuwa karibu: kile kitambaa. Biblia chini. Vitabu chini. Sahani ikaniangukia kiatuni.

Tii ikakoma.

Halafu kompyuta ikapiga ule muziki wake wa kukaribisha, kwa furaha yote.

"Imewaka!" Mzee akapaza sauti. "Haleluya, imewaka!" Akaiokota miwani chini, akaivaa, akavuta kiti, akaanza kufungua nyimbo, akatusahau kabisa.

Mimi ningeweza kutoka polepole, tukayamaliza kifamilia. Lakini shangazi alikuwa mlangoni, na shangazi akapiga yowe. Mnajua yowe la huku. Ukilisikia huulizi, unashika ulichonacho unakuja mbio. Wakaja. Majembe, mapanga, mmoja na mwiko. Uwanja ukajaa, shangazi akanikokota nje.

"Mwizi yuko wapi?"

"Siyo mwizi," shangazi akawajibu. "Ni mchumba wa Adela. Tumemtoa chumbani kwa mama yake."

Naomba msome tena hiyo sentensi mjue nilisimama wapi.

Nikajaribu kueleza habari za kibodi. Eti kitufe kikibanwa, kompyuta inasubiri. Mwenye mwiko akatikisa kichwa kwa huzuni. Nikamwangalia Adela anitetee. Alikuwa amejifunika uso kwa kanga, mabega yanatetemeka, na mpaka sasa sijui alikuwa analia au anacheka. Mama mkwe hakutoka tena. Ndani, kwaya ikaanza kuimba kwenye spika.

Mzee alitoka mwishoni, anatabasamu, akanipa mkono. "Kompyuta umeiponya kweli, mwanangu. Mtaalamu." Moyo wangu ukaanza kupanda. "Jibu la posa lisubiri kwanza. Shangazi yako anasema chumba lazima kisafishwe."

Kinasafishwa kwa mbuzi, na wa kumtafuta ni mimi. Jike, mweupe, asiye na doa hata moja.

Mwenye mbuzi huyo aniandikie pembeni, asiulize wa nini. Na wewe wa Nyarubungo uliyekuja na jembe na sasa unasoma hapa: nakusihi, hukuniona.