Malalamiko Juu ya Kijiko Kimoja cha Mafuta

Kwa Daktari Msimamizi,
Kliniki ya Sukari.

Daktari mheshimiwa,

Pokea kwanza salamu zangu. Mimi ni mgonjwa wako wa kila mwezi, yule fundi makochi mnayemwita Baba Sponji, mwenye sukari, presha na mafuta mengi kwenye damu. Si mtu wa fujo. Hata kochi la pale mapokezi nimelikalia miaka yote springi zikinichoma, wala sijasema neno. Lakini sasa yamenifika shingoni. Namshtaki muuguzi wenu wa lishe, yule binti mpole mwenye picha za chupa za mafuta ukutani. Ameivuruga nyumba yangu kwa kijiko cha chai.

1. Muuguzi huyu alimwambia mke wangu kwamba mafuta ya mgando si rafiki wa moyo wangu, kwamba ya mawese na ya nazi nayo tuyapunguze, na kwamba afadhali tupikie ya alizeti. Mke wangu ni mwalimu wa chekechea. Akiambiwa jambo mara moja, linakuwa sheria. Siku hiyohiyo kopo la mgando lilioshwa kwa maji ya moto. Leo natunzia humo misumari ya makochi. Kila nikichukua msumari, nanusa kidogo.

2. Sikubisha. Niliposikia alizeti ni nzuri, niliitumia kwa moyo wote. Nilikaangia mayai, nikakaangia viazi, nikaimimina hata juu ya wali uliokwisha kuiva, nikijua natumia dawa. Niliporudi kliniki, uzito ulikuwa umepanda na sukari haikushuka hata kidogo. Nikadai maelezo, kama mteja yeyote aliyeuziwa kitambaa kinachochuja. Muuguzi akanitazama kwa huruma, akasema, "Baba, mafuta mazuri nayo ni mafuta. Ukiyazidisha yanakunenepesha vilevile." Hapo ndipo kijiko cha chai cha kupimia mafuta kilipoingia nyumbani kwangu. Naomba kliniki ieleze kwa nini kitu kizuri kimewekewa kipimo, ilhali kabichi la kuchemsha nimeruhusiwa kula mpaka nichoke, na nimeshachoka.

3. Nilikuwa na karai la kukaangia ambalo mafuta yake hayakuwahi kumwagwa; yakipungua, tuliongeza. Yalikuwa meusi, mazito, na yaliijua kazi yake. Muuguzi akasema mafuta yaliyochemshwa mara nyingi huharibika na kuudhuru mwili. Mke wangu akayamwaga mbele ya macho yangu. Niliomba abakize tone moja tu la bawaba ya mlango wa jikoni, unaolia kama mbuzi. Alikataa. Baadaye ndipo nilipoelewa: kwa mlio huo ananisikia nikiingia jikoni, hata akiwa uani anaanika nguo.

4. Shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, ni fundi redio na tunaishi naye. Ni mwembamba kama waya. Anakula viazi vya kukaanga mbele yangu na kulamba vidole. Nilipopeleka suala hili kwenu, muuguzi alisema wembamba si cheti, naye aje apimwe. Hajaja. Anaendelea kulamba.

5. Hili ndilo linaloniuma kweli. Nyumba yetu sasa ina sufuria mbili, kubwa ya wazima na ndogo yangu. Tangu tuoane, mimi na mke wangu tumekula sahani moja. Yeye anapenda ukoko, mimi napenda mchuzi, kwa hiyo hatujawahi kugombania kitu. Sasa nakaa mwisho wa meza na kisufuria changu, kama mgeni aliyekuja na chakula chake. Yeye ananiuliza kutoka upande wa pili kama chumvi imetosha. Chumvi nayo, Daktari, imepunguzwa. Nina upweke, nasema wazi.

Kwa hiyo naomba kliniki ifanye mojawapo ya haya. Itangaze kwamba viazi vya kukaanga ni dawa. Ikishindikana, iniandikie kwamba nimepona. Sitawaambia wagonjwa wengine. Na likishindikana hata hilo, basi mumwandikie mke wangu naye ugonjwa huu, kiasi kidogo tu, kama robo ya wangu, ili turudi kwenye sahani moja. Sidhani kama ni ombi kubwa kwa kliniki yenye magonjwa mengi kiasi hicho.

Nisalimie wauguzi wote, mlinzi wa getini, mama wa maabara mwenye sindano nyepesi, na hata mshtakiwa mwenyewe.

Ni mimi, mgonjwa wako mtiifu mwenye njaa,
Baba Sponji, fundi makochi.

Nyongeza: Bahasha ilikuwa imeshafungwa mke wangu aliporudi kutoka kwenu. Alikuja kuniulizia siku ya miadi, muuguzi akamwambia maadamu amefika, naye apimwe. Sukari yake imepanda, na mafuta kwenye damu pia. Daktari, ombi langu la mwisho nalifuta. Kama kuna mtu kwenu alishaanza kulishughulikia, tafadhali mwambie aache. Leo tumekula sahani moja na sikusikia ladha yoyote. Mafuta nimepima mimi. Nijulishwe upesi: kijiko kile kijae mpaka ukingoni, au mafuta yaishie chini yake? Nilikijaza, nikaogopa, nikarudisha nusu kwenye chupa. Ile bawaba ya jikoni iachwe ilie vilevile, ili nami nimsikie akiingia.