Wagonjwa Arobaini kwa Siku

Jumatatu, 3 Machi

Wewe unayefungua daftari la watu bila kupiga hodi, funga. Huna haya? Najua ni wewe, wifi. Hakuna mwingine humu ndani anayelamba kidole kabla ya kufunua ukurasa. Hili ni daftari la sukari ya mzee, mume wangu. Sista wa zahanati alinipa kwa mkono wake mwenyewe, akasema kila tukienda niandike namba aliyopima. Nafasi inayobaki ni yangu, na ninayoyaandika humo hayakuhusu.

Sukari ya mzee: tisa. Kidonda cha kidole gumba cha mguu kinakauka. Sista amekisafisha, amekifunga, amesema turudi keshokutwa. Mkono mwepesi ule. Mzee husinzia akifungwa bandeji.

Sasa mabaya. Kuna karatasi imebandikwa mlangoni kwa zahanati. Niliisoma mara tatu, maana waliosoma sana hawajui kuandika sentensi fupi. Wakubwa wamekaa, wakaona zahanati ndogo ni nyingi kuliko kazi yake. Karani atakaa pale wiki mbili kuhesabu. Zahanati isiyofikisha wagonjwa arobaini kwa siku itafungwa, na Sista ahamishiwe hospitali kuu. Hospitali kuu! Mabasi mawili na kilima. Mzee kwa mguu ule atapandaje kilima?

Nilihesabu leo benchini. Kumi na sita. Na mmoja kati yao alikuwa anauliza njia.

Wifi, dada yake mzee, aliyekuja kutusalimia miaka sita iliyopita na bado anatusalimia, anasema heri ifungwe. Eti dawa yenyewe ni moja kwa kila ugonjwa, daktari hajakanyaga pale tangu mvua ya mwaka juzi, na mashine za kweli ziko hospitali kuu. Nikamwambia mashine haimjui mzee kwa jina. Akasema Sista naye si mashine, ni binadamu mmoja, siku akiugua nani atamtibu mzee? Nikamwambia anyamaze, anachafua hewa.

Zahanati hii haitafungwa nikiwa hai. Nimesema.

Jumanne, 4 Machi

Sukari: leo si siku yake.

Nina akili kuliko wizara nzima. Wanataka arobaini? Watapata arobaini!

Nimewaita akina mama kumi na mmoja wa kikundi chetu cha kufuma sweta. Nimemwita kinyozi na watu wake wanaokaa pale kutwa bila kunyolewa. Nimemwita muuza nyanya na majirani zake wa sokoni. Nimemwita fundi baiskeli. Wamejaa uani mpaka wengine wamekaa juu ya mtungi wangu. Nikawaambia kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mmoja aende zahanati kila siku akaugue kidogo. Karani haandiki mtu wa benchini, anaandika anayeingia chumba cha Sista. Basi waingie.

Kinyozi akauliza, waugue nini? Swali zuri kwa mtu mjinga. Nikafikiri. Watu hawa nawajua. Ukimpa kila mtu ugonjwa wake watachanganya. Muuza nyanya mwaka jana aling'olewa jino zima akaacha bovu. Nikaamua: ugonjwa mmoja kwa wote. Tumbo la kuendesha. Halihitaji uvimbe, halihitaji damu, na hakuna mwenye adabu atakayekuuliza sana.

Tukafanya mazoezi. Shika tumbo, inama, vuta pumzi. Fundi baiskeli aliguna kama mama anayejifungua mapacha. Nimemwambia apunguze.

Wifi alikuwa dirishani akicheka. Atalia.

Jumatano, 5 Machi

Sukari: haikupimwa. Foleni ndefu.

AROBAINI NA TATU! Karani aliishiwa wino akaazima kalamu ya Sista. Kijana mkavu yule, hacheki, shati limefungwa mpaka shingoni. Leo alitoa macho.

Nilisimamia foleni mwenyewe. Karani huondoka saa nane mchana, hivyo watu wangu ilibidi waingie kabla. Mzee alikuwa wa tatu. Nikamwambia mume wangu, sogea nyuma, wewe ni wa siku zote, utahesabiwa tu. Akasogea. Wakaja wa sokoni, nikamwambia sogea tena. Akasogea tena, na fimbo yake, kama mtu anayehamishwa chumba. Baadaye alisema benchi limempenda, hataki kuliacha.

Saa kumi Sista akatoka nje, ameegemea ukuta, macho mekundu. Akasema amechoka, waliobaki waje kesho. Aliyebaki alikuwa mzee.

Si neno. Kesho ipo.

Alhamisi, 6 Machi

Sukari: haikupimwa.

Hamsini na moja. Nimeipigia mstari mara mbili maana inastahili.

Lakini kuna kasoro. Zile pakiti za chumvi ya kuchanganya na maji, Sista amewapa watu wangu wote, mbili mbili. Hakuna aliyekataa. Muuza nyanya ana nne nyumbani, amezipanga dirishani kama mapambo. Saa sita akaja mwanamke mgeni na mtoto mchanga mgongoni, kichwa kimelala upande, midomo imekauka. Huyo anaendesha kweli. Pakiti zimekwisha! Sista akaanza kumwelekeza namna ya kuchanganya mwenyewe nyumbani, vijiko vingapi, maji kiasi gani, na mwanamke anarudia maneno asisahau.

Nilikohoa, nikatazama ukutani. Kisha nikatuma mtu kwa muuza nyanya kuleta mbili. Zililetwa, mtoto akanywa pale pale. Kwa hiyo mtu asiniambie sina utu.

Sista aliniita ndani. Akafunga mlango. Akaniuliza, mama, hawa watu wamekula nini pamoja? Nikasema mimi si mpishi wao. Akanitazama sana. Akasema yeye ni mtu mmoja, na dakika anayompa asiyeumwa anaiiba kwa anayeumwa. Nikasema ndiyo, dunia imejaa wezi. Nikatoka.

Mzee hakufikiwa leo pia. Nimemfunga mguu mwenyewe kwa kipande cha foronya. Safi kabisa, nilikifua Jumamosi.

Ijumaa, 7 Machi

Sukari: haikupimwa. Siku ya aibu.

Asubuhi Sista akagawa vikopo. Vikopo vidogo vyenye vifuniko. Kila mwenye tumbo aende nyuma, alete choo kidogo, kipelekwe maabara ya hospitali kuu.

Watu wangu wakanigeukia mimi. Kama kuku wakimtazama mwenye pumba! Nikawaambia kwa midomo, nendeni. Wakaenda. Foleni ya chooni ikawa ndefu kuliko ya Sista. Fundi baiskeli alikaa huko saa nzima akarudi na kikopo kitupu na jasho. Akaniambia, mama, kitu hakuna, sijala tangu jana kwa ajili ya kuonekana mgonjwa. Mama mmoja wa kikundi aliomba kugawiwa na mwenzake. Nikakataza. Tuna heshima zetu.

Thelathini na nane tu leo, kwa sababu ya vikopo.

Jioni wifi akaingia chumbani kwetu bila kuitwa. Akasema mguu wa kaka yake unanuka. Nikasema ni soksi. Akasema hakuvaa soksi. Akataka tumpeleke hospitali kuu kesho alfajiri, yeye atambebea mfuko. Nikamwambia mzee akienda huko atahesabiwa huko, na hapa tutapungukiwa mmoja. Thelathini na nane, unatoa mmoja! Wifi akasema, wewe mwanamke, huyo ni mume wako, si kijiti cha kuhesabia.

Maneno makali hayo nyumbani kwa watu.

Mzee akasema tusigombane, mguu hauumi sana. Usoni alikuwa na jasho. Chumba kina joto.

Jumamosi, 8 Machi

Bwana afya amekuja na buti za mpira, pampu mgongoni, na wenzake watano. Wamezungusha utepe mwekundu zahanati nzima. Kumbe kuna sheria. Watu zaidi ya kumi wakipata tumbo moja mtaa mmoja ndani ya wiki, Sista lazima apeleke habari juu. Asipopeleka, anafukuzwa kazi. Amepeleka. Mimi mwenyewe niliyempigania!

Zahanati imefungwa siku kumi na nne kwa sababu ya mlipuko. Mlipuko ni mimi.

Bomba la maji la kona limefungwa mnyororo. Muuza nyanya kapuliziwa dawa, nyanya zake zote zimemwagwa shimoni. Amepita mlangoni kwangu hakusalimu. Kinyozi kafungiwa banda. Majibu ya vikopo yametoka, ingawa siku kumi na nne ziko pale pale: wote wazima, isipokuwa kinyozi, ana minyoo ya kweli. Badala ya kunishukuru kwamba nimemgundulia, ananisema.

Na karani! Karani anaendelea na fomu yake nje ya utepe. Nimemuuliza anaandika nini na zahanati imefungwa. Akasema, sifuri. Sifuri kila siku mpaka wiki zake mbili ziishe. Nikamwambia hiyo si haki, mlango umefungwa, wagonjwa watapitaje? Akasema fomu haina sehemu ya mlango.

Mzee hakula. Amesema anasikia baridi.

Jumapili, 9 Machi

Sukari: ishirini na mbili.

Sista alikuja nyumbani kwa miguu, na nguo zake za nyumbani. Nilikuwa nimemwandalia maneno. Hakunipa nafasi. Alipiga magoti, akafungua foronya yangu. Chumba kikanuka. Kidole gumba cheusi, na cha pili kinaelekea huko huko. Akatoa kile kipimo chake mfukoni akapima. Hakunigombeza. Aliuliza tu, tangu Jumatatu hajasafishwa? Siku sita?

Heri angenitukana.

Wifi alikuwa ameshafunga mfuko. Ulikuwa umefungwa tangu Ijumaa, nimeuona chini ya kitanda chake. Mabasi mawili na kilima. Mzee tulimpandisha kilima mimi huku na wifi kule, tukipumzika kila nguzo ya umeme. Katikati akasema, ninyi wawili hamjawahi kushika kitu kimoja tangu niwajue. Wifi akacheka. Mimi nilikuwa natazama njia.

Jumanne, 11 Machi

Wamemkata vidole viwili.

Daktari ni binti mdogo, anaweza kuwa mjukuu wangu. Akasema kidonda kile kingesafishwa siku tatu tu mapema zaidi, vidole vingekuwepo. Siku tatu! Nikamwambia foleni ilikuwa ndefu. Akasema foleni ndizo zinazoua watu. Nikaitikia, kweli kabisa mwanangu.

Nilikwenda kukaa kwenye ngazi nikakaa huko mpaka mfagiaji akanizunguka na maji.

Mzee alipozinduka alitazama mguu. Akasema ulikuwa unatuambia kidole kimoja hakivunji chawa, mke wangu. Sasa nina nane. Wale chawa bado wapo?

Nikamfunika mguu kwa shuka.

Wifi kakaa kitandani kutwa nzima akimpepea kaka yake na kipande cha boksi. Nilimngoja aseme "nilikuambia". Saa nne, saa sita, saa tisa. Hakusema. Roho mbaya kiasi gani hiyo, kumnyima mtu hata ugomvi!

Alhamisi, 13 Machi

Sukari: nilisahau kuuliza. Nilikuwa na mambo.

Imebandikwa karatasi ya pili. Zahanati yetu haitafunguliwa tena. Hawakungoja hata wiki mbili ziishe, eti wastani wake umekuwa mdogo. Sista kahamishiwa hospitali kuu, nimemwona akisukuma kitoroli, kaniamkia kwa kichwa tu. Mzee aliruhusiwa jana, lakini kila baada ya siku moja arudi kusafishwa. Mabasi mawili na kilima, kwa vidole vinane.

Leo tulifika saa moja. Tukaonwa saa tisa. Muda huo wote mzee kakaa juu ya mfuko wake sakafuni, maana mabenchi yamejaa mpaka nje getini. Nikahesabu. Mia tatu na kumi na mbili! Mlinzi wa geti, mtu mwenye akili, akaniambia hata wakubwa wameshtuka. Amesikia wakisema, hospitali ikifikisha wagonjwa mia nne kwa siku, itabidi zahanati za mitaani zifunguliwe upya.

Mia nne! Tumebakiza themanini na nane tu!

Kosa la mwanzo nimeliona. Si kwamba sijifunzi. Kosa lilikuwa kuwapa watu wote ugonjwa mmoja.

Basi sikilizeni. Wifi, najua unasoma, kawasomee wenzako. Jumatatu saa kumi na mbili asubuhi wote muwe getini kwa hospitali kuu. Kila mtu na ugonjwa wake. Kikundi cha kufuma, magoti. Muuza nyanya, acha kununa, wewe ni macho. Kinyozi aende na minyoo yake hiyo hiyo. Fundi baiskeli ni mgongo, na asigune! Wewe wifi, kizunguzungu, unacho tayari. Wote muingie mbele, muandikwe mapema.

Na mzee mumwekee mfuko wake nyuma kabisa, karibu na ukuta, akae asubiri. Yeye ni wa siku zote. Atahesabiwa tu.