Mwizi wa Somo la Saa Nne

Jamani, leo nimevuliwa nguo mbele ya kijiji kizima. (Si zote. Mkanda na viatu tu. Lakini suruali iliyokosa mkanda haina tofauti kubwa na suruali isiyokuwapo.)

Nawaandikia ninyi ndugu zangu wote watatu barua moja, mpitishiane. Sina nguvu ya kuisimulia aibu hii mara tatu. Vumbi bado liko masikioni, na hapa dirishani wanafunzi wangu wanapita wakisema "Shikamoo, mwalimu" kwa sauti ya watu waliobana kicheko mashavuni.

Mnajua chuo chetu cha ualimu ni kidogo. Madarasa manne, bwalo, karakana, na shamba la pamba ambalo ni kubwa kuliko vyote hivyo vikiwekwa pamoja. Mnajua pia kwamba Mkuu wetu, Mzee Bundala, hajawahi kuipenda saikolojia. Jumatatu aliniita ofisini.

"Mwalimu Hiza, pamba imepasuka. Wewe una saa nne za somo lako kwa juma. Nazitaka shambani."

"Mzee, somo litakufa."

"Na pamba itaoza. Alhamisi nitakaa darasani kwako. Nionyeshe kitu kimoja ambacho mwalimu wa kijijini atakitumia. Kimoja tu. Nisipokiona, Jumatatu ijayo wewe ni msimamizi wa magunia."

Somo hili nililisomea kwa shida, ninyi mashahidi. Ndilo jambo pekee ninaloliweza duniani. Jembe nikilishika, hata kuku wanakuja kutazama.

Basi nikapata wazo. (Hapo ndipo mngekuwapo mngenifunga kamba.) Walimu wa shule za msingi wanachapa watoto kila siku kwa ushahidi wa mwenzao: "Mwalimu, nimemwona, ni yeye!" Nami nilitaka kuwaonyesha wanafunzi wangu kwamba jicho la mtu aliyeshtuka ni shahidi mwongo. Ataingia mtu darasani ghafla, atanyakua mkoba wangu mezani, atatokomea. Halafu kila mmoja ataandika alichokiona. Karatasi arobaini, majibu arobaini. Na Mkuu naye ataandika! Sikumwambia kitu, ili macho yake yamdanganye yeye pia.

Mwizi wangu alikuwa Deo, mwalimu wa ufundi. Deo ni mtu wa Ushirombo, seremala aliyefundishwa na mapadre. Mfupi, mviringo, mpole kama uji. Nilimkuta karakana akipiga randa.

"Utaingia kwa mlango wa nyuma, utabeba mkoba, utafoka neno moja, utatoka."

"Halafu?"

"Halafu utarudi hapa unywe chai yako."

"Na wanafunzi?"

"Watakaa waandike."

Deo akaweka randa chini. "Hiza, umewahi kuwaona Wasukuma wakiibiwa?"

"Deo, hawa ni walimu watarajiwa."

"Haya," akasema. Ile "haya" ningeisikiliza vizuri, leo ningekuwa na heshima yangu.

Leo saa nne kamili. Mkuu ameketi nyuma, mikono kifuani, uso wa mtu anayesubiri kumaliza mazishi. Mimi niko ubaoni, chaki mkononi. Mlango wa nyuma ukafunguka kwa kishindo. Deo huyo, ndani ya koti la mvua la kijani, kofia imefunika macho. Akapita katikati ya madawati, akanyakua mkoba, akafoka, "Kaeni hivyohivyo!" Akatoka kwa mlango wa mbele.

Kimya. Kimya kizuri kabisa. Nikajisemea, Hiza, umefaulu. Nikachukua zile karatasi arobaini nizigawe.

Hapo Minza akasimama. Minza ni binti mdogo wa umbo, hukaa dawati la mbele, sauti yake darasani husikika kwa kuomba. Akaweka kiganja mdomoni akapiga yowe ambalo sijapata kulisikia kwetu Tanga hata siku ya msiba. "Mwanoooo! Mwanoooo!"

Ndugu zangu, mimi ni mgeni huku, mwaka wangu wa pili. Nilijua kuwa mwano ni yowe la hatari. Nilichokuwa sikijui ni kwamba mwano hauzimwi. Ukipigwa nyumba hii, nyumba ya pili inaupokea, ya tatu inaupokea, na kila mwenye miguu anatoka na fimbo. Anayebaki nyumbani baadaye ataulizwa alikuwa upande wa nani.

Darasa likatoka lote. Wengine kwa mlango, wengine kwa madirisha. Masele, yule mkubwa aliyewahi kuvunja mawe migodini Geita, alitoka na mguu wa dawati mkononi. (Dawati lenyewe lilibaki na mitatu.) Mimi napiga kelele, "Keti! Hili ni jaribio! Kalamu ziko wapi?" Nani anisikie? Nikageuka kwa Mkuu, angalau yeye anisaidie. Mkuu alikuwa anavua viatu. Akavipachika kwapani, akaruka dirisha. Mzee wa miaka hamsini na ushee!

Nikabaki na karatasi zangu arobaini.

Na huko nje mwano unapokelewa. Kaya ya jirani. Kaya ya pili. Ng'ambo ya mto. Mpaka upande wa njia ya Kolandoto wakaitika. Hapo akilini nikamwona Deo, na mimba yake ya ugali na roho yake ya upole, akikutwa na watu wenye fimbo ambao hawajui jaribio ni nini. Nikatupa karatasi nikakimbia.

Niliingia kwenye pamba nikiita, "Deo! Deo!" Deo hayupo. Nikaliona koti la kijani limetupwa katikati ya matuta. Mbele kidogo, mkoba wangu. Nikafanya jambo ambalo mtu yeyote angefanya. Niliuokota mkoba wangu nikaendelea kukimbia. (Nina cheti cha kuelewa akili za binadamu. Kimetundikwa ukutani.)

Wanaume sita wakatokea mbele yangu. Watu wa kijiji cha pili, hawajawahi kuniona.

"Mkoba huu hapa!"

"Shikamooni, wazee wangu," nikasema.

"Marahaba," wakaitikia wote, kisha wakanifungua mkanda. Viatu pia. Mtu asiye na mkanda wala viatu, wanasema, hakimbii mbali.

"Mimi ni mwalimu!"

"Mwizi wa mwezi uliopita alisema ni mganga."

"Msikilizeni na Kiswahili chake," mwingine akasema. "Huyu katoka mbali kuja kutuibia."

Wakanipeleka uwanja wa mikutano wa kijiji, wakaniketisha chini, mkoba kifuani, mkono mmoja umeshika suruali. Watu wanazidi kuja. Akina mama na michi, wachungaji waliotoka malishoni, wazee na fimbo zao. Wanafunzi wangu wakafika wanahema. Minza akaniona, akaziba mdomo.

"Huyu ni mwalimu wetu!"

Mzee Nhandi, mwenyekiti wa kijiji, ni mtu mrefu asiyepandisha sauti. "Mwalimu wenu ndiye mwizi?"

"Hapana, baba. Mwalimu wetu ndiye aliyeibiwa."

"Aliyeibiwa ndiye tuliyemkuta akikimbia na mali?"



Mzee Nhandi akasema waliomwona mwizi waje mmoja mmoja. Masele akaanza: mrefu, mweusi, kofia nyekundu. Minza: mfupi, hana kofia, ameshika panga. (Panga! Deo hata patasi hushika kwa kuiomba radhi.) Mwingine akasema koti lilikuwa la buluu, la polisi. Nilikuwa nimeketi mavumbini, suruali mkononi, na moyo wangu, nawaambieni kweli, ukaanza kufurahi. Lilikuwa jaribio langu! Lilikuwa linakwenda vizuri kuliko kitabuni.

Akaja Mkuu, bado na viatu kwapani. "Walikuwa wawili," akasema kwa uhakika wote wa ofisi yake.

Kisha akajitokeza mtu mmoja mfupi, mviringo, jasho linamtiririka, fimbo ndefu mkononi. "Mimi nilimwona vizuri kuliko ninyi nyote. Mrefu! Ana kovu shavuni! Amekimbilia huko mtoni, tunapoteza muda hapa!"

Deo.

Alikuwa ametupa koti, akaokota fimbo, akajiunga na wanaomsaka. Nikamtazama. Akatazama mawingu. Na watu walianza kuamini, vijana wakageuka kuelekea mtoni, na mtoni hukosi mtu mrefu mwenye kovu anayenywesha ng'ombe wake salama. Nikaona sasa mzaha umefika pabaya. Nikasimama, nimeshika suruali kwa mikono miwili.

"Mwizi hayupo," nikasema. "Nilimtuma mimi."

Uwanja mzima ukanyamaza. Nimefundisha miaka miwili, sijawahi kupata usikivu kama ule.

"Ulimtuma nani?" Mzee Nhandi akauliza.

Deo, Mungu ambariki, akainua fimbo taratibu.

Bibi mmoja mbele akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika mchi asianguke, na uwanja ukamfuata. Wale sita walionikamata walicheka kuliko wote. Minza alijifunika khanga usoni. Mkuu hakucheka, na mimi nikayaona magunia ya pamba yananisubiri, yamejipanga. Mzee Nhandi naye hakucheka. Akangoja mpaka wakachoka.

"Mwalimu, watu wameacha ng'ombe porini. Kuna mama hapa ameacha mtoto mchanga kwa jirani. Mwano haupigwi kwa mchezo. Sema kwa nini."

Basi nikasema. Bila daftari, bila ubao, bila viatu. Nikawaambia kwamba mtu akishtuka, jicho huona kidogo na kichwa hujaza kilichobaki, na yeye mwenyewe huapa kuwa amekiona chote. Hasemi uongo. Anaamini. Nikawaambia nimewaza watoto wanaochapwa shuleni kwa neno la shahidi kama huyo, na kwamba sikuwaza zaidi ya hapo, na hilo ndilo kosa langu, naomba radhi.

Mzee Nhandi akamgeukia Mkuu. "Wewe uliona wawili?"

"Niliona wawili."

"Na alikuwa huyu mmoja?"

Mkuu akampima Deo kwa macho, kulia mpaka kushoto. "Labda ni kwa ajili ya upana," akasema. Uwanja ukacheka tena, na safari hii Mkuu mwenyewe alicheka kidogo.

Lakini mzee yule alikuwa ameinamia fimbo yake. Akaniuliza kwa sauti ya chini, "Watu watatu wakisema kitu kimoja, je?"

"Walikaa pamoja kabla ya kusema?"

"Walikuja pamoja."

"Basi pengine aliona mmoja, baba, na wawili walimsikia. Waulizwe kila mtu peke yake, kabla hawajasikilizana."

Nikajua baadaye, Minza ndiye aliyenieleza. Kiangazi kilichopita kijiji hiki kilimtenga mtu kwa wizi wa ng'ombe. Watatu walisema wamemwona. Akafunga mizigo yake, yeye na mkewe, wakahamia Ushirombo, na mkewe ni binti wa yule bibi aliyecheka na mchi. Pale uwanjani nilichokiona ni bibi yule ameacha kucheka ghafla, amemkodolea macho mwenyekiti.

"Tutamwita arudi," Mzee Nhandi akasema, si kwangu, bali kwa nafsi yake. "Tuulize upya. Mmoja mmoja."

Bibi akaketi chini palepale akalia. Nami machozi yakanitoka, na sikuweza kuyafuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi.

Adhabu yetu ya mwano wa bure imetolewa papo hapo. Mimi nitakuja Jumapili, watu wakitoka kanisani, nilifundishe baraza la kijiji somo hilohilo, tangu mwanzo. Deo atatengeneza benchi za wasikilizaji. Mkanda wangu ukarudishwa kwa heshima, mikono miwili. Viatu vimerudi kimoja. Cha pili kinatafutwa na kijiji kizima, kila mtu akisema alikiona mahali tofauti.

Tukarudi chuoni, mimi na Mkuu, bega kwa bega, miguu mitupu wote wawili. Tulipofika penye pamba akasimama, akaitazama, akashusha pumzi.

"Pamba tutachuma alasiri," akasema. "Saa zako kaa nazo. Juma lijalo unafundisha nini?"

"Hofu, mzee."

Akanitazama juu mpaka chini. "Hofu utaifundisha kwa chaki."

Nimekubali kabla hajamaliza kusema. Basi msinicheke, ndugu zangu. Nimebaki na kiatu kimoja, lakini saa za saikolojia ninazo zote nne.