Ganzi ya Ukuta

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kamati ya Wenyeviti, Makamu wake, Kaimu wa Makamu, Katibu Msaidizi ambaye naye ana msaidizi, madaktari, wauguzi, na nanyi wagonjwa mliosukumwa pamoja na vitanda vyenu ili ukumbi ujae: (makofi) nazungumza leo, nikiwa mwenyekiti wa kamati ya mradi, kwa sababu moja tu, nayo ni kutangaza kukamilika, kwa asilimia mia na tatu, kwa Mradi Mkakati Shirikishi wa Ulinganishi wa Ganzi.

Mtakumbuka kwamba daktari wetu wa usingizi, msomi ila mwenye papara, alituandikia akiomba dawa na sindano ili alinganishe, kwa wanaopasuliwa tumbo, ganzi ya mgongo na ganzi ya ukuta wa tumbo, ajue ipi hutuliza maumivu zaidi mgonjwa akishashonwa. Kamati yangu, isiyolala ila vikaoni, (kicheko, kinazimwa) iliketi mara kumi na nne, ikabaini kuwa mgongo ni mali ya mgonjwa, bali ukuta ni mali ya serikali; hivyo, kwa kuzingatia dira, dhima na data, tukaidhinisha ukuta.

(Daktari: “Mheshimiwa, ukuta wa tumbo! Ni misuli!”)

Keti, daktari. Misuli haina hatimiliki.

Wahenga walionya kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi, kwa ubunifu, tuliuacha ufa makusudi ili tupate kujenga. (Makofi ya kamati) Na matokeo? Kati ya wagonjwa arobaini, hakuna hata mmoja aliyelalamikia dawa tuliyompa.

(Mama mshona nguo, kitanda cha tatu: “Utalalamikiaje usichopewa, baba? Mimi napasuliwa Alhamisi. Nikizinduka na maumivu, nitashika nini?”)

Swali zuri, mama yangu. Utashika ukuta.

Ganzi, juu! Ukuta, juu zaidi! (Wanaitikia watatu)

Nihitimishe kwa kumshukuru mchoraji aliyetuchorea ukuta wetu kwenye kitambaa hiki nyuma yangu, ambacho naomba msikiegemee, kwani ukuta wenyewe haujajengwa, na dawa haikuwahi kuagizwa. Jiwe la msingi tutaliweka Alhamisi saa tano asubuhi, nje ya dirisha la wodi. Muuguzi mkuu ananinong’oneza kwamba ndiyo saa atakayozinduka mama huyu. Vyema, kwa kuwa bendi hatuna. Mkisikia sauti yake, pigeni makofi. Tukutane Alhamisi, saa tano kamili asubuhi.